Kiongozi wa watembeaji asifike kabla yao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo kwa wengi litaonekana dogo mbele ya mambo mazito yanayoandikwa humu, nalo ni namna tunavyopokewa na kuongozwa sisi tunaojiunga na makundi ya matembezi, na yale ya kukimbia na kutembea kwa zamu, katika mbio za masafa marefu zinazofanyika hapa Unguja na kule Pemba. Mimi ni mwalimu mstaafu wa skuli ya msingi, nimetimiza miaka 61, na kwa miaka minne sasa nimekuwa nikitoka baada ya sala ya alfajiri kwenda kunyoosha viungo Maisara pamoja na wenzangu wa mtaani. Sikusudii kumshitaki mtu, na ndiyo maana mbio nitakazozisimulia sitazitaja jina. Ninaandika kwa sababu makundi haya yameanza kutangazwa kila penye mbio, na ninaamini ni jambo la kheri, ila matangazo yake yamekuwa mengi kuliko matayarisho yake.

Mwaka jana, wakati wa kusi, mimi na jirani yangu, ambaye ni muuguzi mstaafu, tulijiandikisha katika mbio moja za hapa mjini zilizokuwa na masafa ya kilomita 21, 10 na 5. Tangazo lilisema kuwa katika kilomita 10 kutakuwa na kundi la matembezi ya kuongozwa kwa ajili ya wazee, wanaoanza mazoezi na wenye maradhi ya kudumu, na kwamba kundi hilo litakuwa na kiongozi wake, maji yake na muda wake. Ada ilikuwa ile ile waliyotozwa wakimbiaji, nasi hatukuona vibaya, kwani tulihesabu kuwa tunalipia barabara ile ile na maji yale yale. Ilipofika saa 12 asubuhi tulikuwa tumeshasimama Mnazi Mmoja, watu thelathini na kitu, namba zetu zimebanwa kwa pini kifuani, wengine juu ya fulana na wengine juu ya juba, na mbele yetu amesimama kijana mwenye bendera ya manjano iliyofungwa kwenye kijiti cha mwanzi. Alitusalimia kwa adabu: "Shikamooni wazee wangu. Leo tunakwenda pamoja mpaka mwisho." Tukamwitikia marahaba kwa furaha.

Pamoja naye tulifika Kilimani. Hapo akakutana na vijana wenzake waliokuwa wakikimbia, wakamtania kwamba amepewa kazi ya kuchunga, naye kwa ujana wake akaongeza mwendo kidogo, kisha kidogo tena, bendera ikawa inapungua machoni mwetu kama tanga la ngalawa inayotoka kuvua. Walioweza kumfuata walimfuata. Tuliobaki nyuma tulikuwa 11, na miongoni mwetu alikuwemo bwana mmoja mwenye maradhi ya sukari ambaye alikuwa akitembea vizuri tu, kwa hatua fupi fupi za mtu anayejua kiatu chake kinambana wapi, na mama mmoja kutoka Fuoni aliyekuja na mjukuu wake wa kike ili asiogope kupotea. Hatukuwa na haraka wala hatukuwa tumechoka. Tulikuwa tukienda mwendo ule ule tuliokuwa tumeahidiwa kuwa ndio mwendo wa kundi.

Kwenye meza ya maji ya kwanza tuliwakuta vijana wawili wameshaikunja meza na wanapakia katoni kwenye gari. Mmoja wao alipotuona alishituka, akasema, "Aa, mama zangu, tulijua watu wamekwisha," akatutolea chupa mbili kutoka kwenye mkoba wake mwenyewe, Mungu amlipe. Tulipofika Mazizini, ambako ilipasa tugeuze, hatukuikuta alama ya kugeuzia. Tuliambiwa tangu mapema kwamba ni pipa la rangi ya bluu, na pipa lilikuwa limeshachukuliwa. Tulisimama kando ya barabara tukijadiliana kama wasafiri waliopotea, mpaka mjukuu wa yule mama akaona duara la maji kwenye lami, mahali pipa lilipokuwa limesimama. Basi tulilizunguka duara lile mmoja mmoja, kwa uaminifu, ili mtu asije akasema tumekata njia, na huku bodaboda zinatupigia honi.

Tulipofika mwisho, lile lango la kujazwa upepo lilikuwa limelala chini, linatolewa pumzi. Medali zilikuwa zimekwisha. Kijana aliyekuwa akikusanya vipaza sauti alimuuliza mwenzake kama tunapaswa kuandikwa, na yule mwenzake akajibu, "Hao ni wa matembezi tu." Mhariri, ni neno hilo "tu" lililonifanya nishike kalamu. Medali ni bati lililopakwa rangi, na nyumbani kwangu sina hata ukuta wa kuitundika. Lakini kama sisi ni wa matembezi tu, basi tangazo lilitakiwa liseme hivyo siku ya kuchukua ada.

Baada ya siku hiyo nilikaa nikapiga hesabu, kama nilivyokuwa nikiwafundisha watoto wa darasa la sita, na hesabu yenyewe inaonesha kuwa tatizo halikuwa ujana wa yule kiongozi peke yake. Mtu mzima mwenye afya akitembea kwa mwendo mzuri huenda kilomita 5 mpaka 6 kwa saa. Kwa mwendo wa kilomita 6, ambao ni mwendo wa kukaza, masafa ya kilomita 10 humchukua saa 1 na dakika 40, na nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97 na ushei, humchukua saa 3 na nusu. Akienda kilomita 5 kwa saa, nusu marathoni inamfikisha kwenye saa 4 na robo. Mbio zile zilianza saa 12 asubuhi, na ruhusa ya barabara ilikuwa mpaka saa 3 asubuhi. Maana yake ni kwamba kumwandikisha mtembeaji kwenye kilomita 21 ni kumuuzia tiketi ya jahazi ambalo limeshang'oa nanga, kwa kuwa ili amalize ndani ya saa 3 inambidi kila kilomita aimalize kwa dakika 8 na nusu, na mwendo huo si wa kutembea. Wapo walioandikishwa hivyo siku ile, na wengine walirudi kwa daladala wakiwa na namba zao kifuani.

Hapo ndipo inapokuja faida ya kundi la pili, lile la kukimbia na kutembea kwa zamu, ambalo watu wengi hapa kwetu bado wanalidharau. Chukua mtu anayekimbia mchakamchaka wa taratibu, kilomita 8 kwa saa, kwa dakika mbili, kisha akatembea dakika moja kwa mwendo wa kilomita 5 na nusu, akarudia hivyo mpaka mwisho. Wastani wake unakuwa kilomita 7 na kidogo kwa saa, na nusu marathoni anaimaliza kwa saa 2 na dakika 57 hivi, kabla barabara haijafunguliwa. Hajawa mwanariadha, na mapafu yake ni yale yale aliyoamka nayo. Amegawa kazi tu. Mtu wa namna hiyo akilazimishwa kukimbia mfululizo kwa mwendo wa vijana, atasimama kilomita ya saba ameshika kiuno. Akiachwa atembee tu, atafungiwa njia. Kwa zamu anafika.

Mmarekani Jeff Galloway, aliyekimbia mita 10,000 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, ndiye aliyeueneza sana utaratibu huu, baada ya kuanza kuwafundisha watu wasiowahi kukimbia mwaka 1974. Siri yake iko kwenye wakati wa kutembea: unatembea mapema, ungali na nguvu, tangu dakika za mwanzo kabisa, wala husubiri mpaka mguu ukatae. Anayetembea kwa sababu ameshindwa huwa hawezi tena kurudi mbioni, lakini anayetembea kwa ratiba huwapa misuli na moyo nafasi ya kupumua, na kwa hali ya hewa yetu yenye unyevu, ambapo jasho linatiririka badala ya kukauka, huupa mwili nafasi ya kupunguza joto. Jambo hilo la mwisho nadhani lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa Wamarekani.

Tena kwa wale wanaosema kuwa kuchanganya mbio na matembezi ni ubabaishaji, naomba niwakumbushe, bila ya kulinganisha ibada na michezo, kwamba kila aliyejaaliwa kwenda Hija au Umra amewaona wanaume wakitembea baina ya Safa na Marwa, kisha wakikaza mwendo baina ya zile alama mbili za kijani, kisha wakarudi kutembea, mara saba. Zaidi ya kilomita tatu zinakwenda hivyo, na wapo wazee wa miaka 70 wanaozimaliza.

Nilichokikosa mjini nilikiona Pemba. Mwezi wa Novemba nilikwenda Chake Chake kwenye harusi ya mtoto wa dada yangu, na asubuhi moja shemeji yangu akanichukua kwenda na kikundi cha mazoezi kinachoanzia Gombani na kuelekea njia ya Vitongoji. Walikuwa wakijiandaa kwa mbio za kilomita 10. Kiongozi wao ni askari mstaafu, mtu wa maneno machache, mwenye filimbi shingoni, na saa ya mkononi hana. Kipimo chake ni nguzo za umeme: nguzo mbili mbio, nguzo moja mguu. Akipuliza filimbi mara moja mnakimbia, mara mbili mnatembea. Kwenye mlima, na anayeijua Pemba anajua kuwa milima haikosi, nguzo hazihesabiwi. Kila mtu hutembea, awe kijana au mzee, na anayekimbia mlimani huitwa kwa jina lake mbele ya wote. Nilimuuliza kwa nini, akaniambia, "Mwalimu, mlimani ndiko kikundi kinakokatika."

Nyuma ya kikundi alikuwepo binti mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyebeba begi lenye maji, glukosi, bendeji na simu. Amri yake ilikuwa moja: asimpite mtu. Mtu akisimama kufunga kamba ya kiatu, na yeye anasimama. Na kila tulipofika njia panda kiongozi alisimamisha kikundi, kila mmoja akataja namba yake kwa sauti kuanzia moja. Siku ile tulikuwa 17, mimi nilikuwa namba 14. Nimeita mahudhurio darasani kwa miaka 34, na sikuwahi kufikiri kuwa ipo siku nitafurahi kuitwa mimi. Tulimaliza kilomita 10 kwa saa 1 na nusu, wote 17, na hapakuwa na bendera, wala lango la upepo, wala kipaza sauti. Palikuwa na madafu.

Kwa hiyo ninaposema kiongozi asifike kabla ya watu wake, sisemi jambo la gharama. Kundi la kuongozwa linahitaji watu wawili, mmoja wa mbele anayeshika mwendo uliotangazwa na mmoja wa nyuma asiyempita mtu, na wote wawili wawe wamechaguliwa kwa uwezo wao wa kwenda polepole, kipaji ambacho vijana wengi wenye mbio hawana. Anayeweza kumaliza kilomita 10 kwa dakika 38 asipewe kundi la saa 1 na dakika 40. Atateseka yeye, nasi tutateseka. Mwendo wa kundi utangazwe kwa dakika za kila kilomita, na muda wa kumaliza utajwe waziwazi siku ya kujiandikisha, ili anayeona hauwezi achague kilomita 5 mwenyewe kwa heshima yake, badala ya kupangiwa na gari la polisi.

Wenzetu wa Afrika Kusini wamelifikisha jambo hili mbali. Katika mbio za Comrades, zilizoanza mwaka 1921 na zinazokwenda karibu kilomita 90 baina ya Durban na Pietermaritzburg, muda wa mwisho ni saa 12 tangu kuanza, na anayechelewa hata kwa sekunde moja hahesabiwi. Huko wakimbiaji wa kawaida hujiunga na makundi wanayoyaita mabasi, na kila basi lina dereva wake anayejulikana, ambaye amepiga hesabu ya mbio na matembezi kwa kila mlima, na watu hukimbia na kutembea kwa amri yake huku wakiimba. Nilipokisoma kisa hicho nilicheka peke yangu, kwa sababu sisi gari tunazo na tunazijua tabia zake. Mtu akipanda gari nambari 502 anajua inakwenda Bububu, na akipanda 505 anajua inakwenda uwanja wa ndege. Dereva haamki asubuhi akaigeuza njia kwa sababu amekutana na rafiki zake Kilimani. Na mlangoni yupo konda anayehakikisha kuwa mtu hajaachwa na mguu mmoja chini. Ikiwa kundi la matembezi litapangwa angalau kwa nidhamu ya daladala, na naomba radhi kwa wanaozijua daladala zetu, mimi nitaridhika.

Lawama hizi si za visiwani peke yake. Mwaka 2019, katika marathoni ya London, washiriki waliokuwa kwenye kundi la kuongozwa la saa 7 na nusu walilalamika kuwa magari ya usafi yaliwafikia wangali njiani, na kwamba walitupiwa maneno ya kejeli kuhusu unene na mwendo wao. Waandaaji waliomba radhi hadharani, na baadaye wakaunda kikosi cha watembeaji wa nyuma, chenye kazi ya kwenda na wa mwisho mpaka wamalize ndani ya saa 8. Na marathoni ya Honolulu, inayofanyika tangu mwaka 1973 kwenye visiwa vyenye joto kama hivi vyetu, haina muda wa mwisho kabisa. Siombi tufike huko. Barabara zetu ni chache, gari za shamba lazima ziingie sokoni, na wagonjwa lazima wafike hospitali. Polisi wa usalama barabarani wanapotaka njia ifunguliwe saa 3 wana sababu zao. Lakini njia ikifunguliwa, watembeaji wanaweza kuhamishiwa kando kwa utaratibu, wakiongozwa, na meza ya maji ikabaki mahali pake, kwani haizuii gari yoyote.

Kuhusu maji nina neno la ziada, ambalo jirani yangu muuguzi amenisisitiza nisilisahau. Ukweli ni kwamba anayetembea yuko njiani muda mrefu zaidi kuliko anayekimbia, na kwa hivyo jua la saa 3 na saa 4 linampata yeye, si mshindi aliyekwishaoga. Kumnyima maji ni hatari. Hatari nyingine, isiyojulikana sana, ni ya kumnywesha kupita kiasi. Uchunguzi uliofanywa kwa wakimbiaji wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, ukachapishwa mwaka 2005, ulikuta kuwa kati ya watu 488 waliopimwa damu, asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi kwenye damu, na walioathirika zaidi walikuwa wale waliokunywa mpaka uzito wao ukaongezeka, na wale waliokaa njiani kwa zaidi ya saa 4. Hao wa mwisho ndio sisi. Kiongozi wa kundi awaambie watu wanywe kwa kiu, wasinywe kila meza kama kwamba ni sharti, na ajue nani ana sukari na nani anatumia dawa za presha, kwa sababu mwenye sukari aliyekunywa dawa yake na akatembea saa mbili bila ya kula anaweza kuanguka huku maji yamejaa tumboni. Tende tatu mfukoni zinaweza kuzuia balaa hilo.

Sasa nikiri na ya upande wetu, maana barua ya kulalamika upande mmoja haina baraka. Waandaaji nao wana haki ya kutulalamikia. Siku ile ile niliyoisimulia, wenzetu wengi wa matembezi walijipanga mstari wa mbele kabisa ili waonekane kwenye picha, na filimbi ilipolia wakimbiaji ikawabidi watupenyepenye kama watu wanaotafuta nafasi msikitini siku ya Ijumaa; mtoto mmoja wa kike aliangushwa na akachubuka goti. Wapo wanaotembea wanne wanne wameshikana mikono, barabara yote wameifunga, na wapo wanaosimama ghafla katikati ya njia kujipiga picha. Anayejiunga na kundi la matembezi ajipange nyuma, aende wawili wawili upande wa kushoto, na anayetoka kwenye mbio kuingia kwenye kutembea anyooshe mkono juu kwanza ili wa nyuma yake ajue. Kule Gombani hili linafanywa hata na watoto. Wala mtu asijiunge siku ya mbio bila ya kujiandaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa kukaza kunahesabiwa humo. Aliyezizoea dakika hizo kwa miezi miwili au mitatu hatapata tabu na kilomita 10. Asiyezizoea atakuwa mzigo kwa yule binti wa nyuma mwenye begi.

Wanawake wenzangu naomba niwaambie jambo moja kwa sauti ya chini. Najua wengi mnatamani kuingia na mnaona haya ya mavazi na ya macho ya watu. Kundi la kuongozwa linawafaa nyinyi kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu ndani ya kundi hakuna anayekutazama wewe peke yako. Mimi huvaa raba, suruali pana, juba linalofika magotini na mtandio mwepesi wa pamba, na sijawahi kuambiwa neno baya na mtu yeyote isipokuwa mbuzi mmoja wa Kikwajuni ambaye hunikimbiza kila Jumamosi. Kila tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi vinapotoka barabarani, wanawake tunajaa. Sielewi kwa nini siku ya mbio tunabaki kuwa watazamaji wa kushangilia waume na watoto.

Nchi hii ina sababu ya pekee ya kulijua thamani ya mtu wa mwisho. Mwaka 1968, katika Olimpiki ya Mexico, mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari alianguka kabla ya nusu ya marathoni akaumia goti na bega, akaendelea kwa kuchechemea, mara akitembea mara akikimbia, akaingia uwanjani usiku, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Waliomaliza walikuwa 57 kati ya 75 walioanza, naye alikuwa wa 57. Mwaka 2025 Alphonce Simbu ametuletea dhahabu ya dunia kutoka Tokyo, kwa kumshinda mpinzani wake kwenye hatua za mwisho kabisa, na tulifurahi kweli kweli, lakini jina la Akhwari limekaa miaka yote hii bila ya medali yoyote ya mbio ile. Uwanjani Mexico walikuwepo watu waliobaki kumngojea. Taa zilikuwa zinawaka.

Nimesikia kuwa msimu ujao wa kusi mbio zitakuwepo tena na kundi la matembezi litatangazwa tena. Mimi na jirani yangu tutajiandikisha, safari hii kwenye kukimbia na kutembea kwa zamu, na kwa wiki sita sasa tumekuwa tukifanya mazoezi kwa nguzo za umeme kutoka Maisara mpaka Migombani, nguzo moja mbio, nguzo mbili mguu, kwa sababu magoti ya jirani yangu hayajakubali hesabu ya Pemba. Waandaaji wakiwa bado hawajapata mtu wa kwenda nyuma ya watembeaji wa kilomita 10, watume salamu kwa sheha wetu. Nitaiahirisha zamu yangu ya kukimbia. Filimbi ninayo tangu nilipokuwa nikisimamia michezo skuli, na bado inalia.

Mwalimu mstaafu,
Kikwajuni, Unguja.